Saa yangu ilisimama siku ya 123

Mwezi uliopita saa nne usiku simu ikaita, kuangalia ni binti mmoja wa kwetu Uvira, Kongo, ambaye alikuwa anakaa Lewiston, hapa hapa jimbo la Maine, Marekani. "Dada, umelala? Nisamehe, nilitaka tu kukuaga, Jumamosi naondoka naenda Iowa." Kuna rafiki yake kule, kiwanda cha nyama kinachukua watu, nyumba bei nafuu, rafiki kamwambia njoo tubanane mpaka upate ya kwako. Alikuwa na furaha kabisa, hata zipu ya begi nilikuwa naisikia inavutwa. Nikamuuliza swali moja tu, mdogo wangu, saa yako ya asailamu iko siku ya ngapi?

Kimya.

"Saa gani, dada?"

Usingizi ukaniisha palepale. Mwaka 2023 mimi pia hakuna mtu aliyeniuliza hilo swali kabla sijafunga begi, na kutoulizwa kwangu kulinigharimu siku 248, nikiwa na watoto wawili na mikono mizima isiyoruhusiwa kufanya kazi. Ndiyo maana naandika. Mimi si avoka (sisi wa Kongo ndivyo tunavyomwita wakili), kesi yako ni yako na ina mambo yake, muulize wakili. Lakini kuna vitu wakili hakwambii kwa sababu hujui kuuliza, na huwezi kuuliza kitu ambacho hujawahi kusikia kama kipo.

Kwa ambaye hajapitia haya, iko hivi. Ukiomba asailamu, yaani hifadhi ya ukimbizi, Marekani huruhusiwi kufanya kazi papo hapo. Unajaza fomu I-589, ndefu kweli, unaeleza kilichokukimbiza, halafu unasubiri. Sheria ya 1996 inasema kibali cha kazi kisitolewe kabla ya siku 180 tangu uombe. Siku ya 150 unaruhusiwa kutuma fomu I-765, ile ya kuomba kibali chenyewe, ila kadi haitoki mpaka 180 zitimie. Wengi wanaishia kujua hapo tu, siku 180, miezi sita, wanahesabu kwenye kalenda ya simu kama wanavyohesabu mimba. Mimi nilihesabu hivyohivyo.

Kumbe siku zile si za kalenda. Zina saa yake, na saa hiyo inaweza kusimamishwa. Kwenye mpira wa miguu dakika zinakimbia tu hata mtu akilala chini anaugulia, ila kwenye mpira wa kikapu kila likitokea jambo refa anapuliza na saa inaganda pale ilipo. Saa ya asailamu ni ya kikapu. Kinachoigandisha ni kile wanachokiita ucheleweshaji ulioombwa au uliosababishwa na mwombaji. Umeomba tarehe ya kesi isogezwe mbele, saa inasimama. Hukwenda kupigwa alama za vidole, saa inasimama. Kesi yako haiko mahakamani, iko kwa maofisa wa asailamu, ukaenda kwenye intavyuu bila mkalimani wakati ulitakiwa kuja naye, inasimama. Na umehama mji, ukaomba kesi ikufuate unakokwenda, inasimama. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikuta mimi.

Nilivuka kuingia Texas mwezi wa kumi 2022 na wanangu, wakanipa zile karatasi za kuitwa mahakamani, nikafikia Houston kwa ndugu upande wa mama yangu. Kule Wakongo ni wengi, kanisa la Kiswahili lipo, sombe (majani ya mihogo) unaipata, nikaona Mungu amenileta nyumbani. Tarehe 12 Januari 2023 I-589 yangu ikapokelewa na mahakama ya Houston, saa ikaanza. Sikujua hata kama kuna kitu kinaitwa saa, nilijua tu mwezi wa saba nitakuwa na kadi.

Sasa fikiria nyumba ya vyumba viwili, ndugu yangu na mkewe na watoto wao watatu, juu yake mimi na wangu wawili. Hakuna aliyenifukuza, sitaki hata kidogo isomeke hivyo, shemeji yangu yule alikuwa anajinyima chakula ili wanangu washibe. Lakini msimamizi wa jengo alikuja mara ya kwanza akauliza mko wangapi humu, akaja mara ya pili na barua, na barua ilisema mkataba ni wa watu watano, wakizidi mkataba unavunjwa. Ndugu yangu aliiweka ile barua juu ya friji, hakunionyesha. Niliiona mwenyewe asubuhi natafuta kiberiti. Nikaisoma kwa Kiingereza changu cha kuunga unga, nikairudisha kama ilivyokuwa, na usiku ule nikaanza kuuliza watu wapi mtu asiye na kibali anaweza kupata pa kulala na watoto.

Kila mtu akasema Portland, Maine. Jina hilo kwetu lilishavuma tangu 2019, pale mamia ya Wakongo na Waangola walipotoka Texas kwa mabasi wakapokelewa kwenye ukumbi wa michezo wa Expo, na jiji lile halikuwaacha barabarani. Watu wa Portland wanasaidia, kuna vocha za chakula na nyumba, watoto wanaingia shule. Yote hayo ni kweli, nimeyaona, nayashukuru mpaka leo.

Kuna mtu kule Houston nilikuwa namlipa anijazie karatasi, simtaji, sidhani hata kama alikuwa na nia mbaya. Nikamwambia nahama. Akasema hakuna shida mama, tunaomba kesi ihamishwe, ni karatasi tu. Akaniandikia ombi la kuhamisha kesi, unaweka adresi mpya, unajibu yale madai yaliyo kwenye karatasi za kuitwa mahakamani, unaeleza sababu ya kuhama. Nikamlipa. Tukapanda basi siku mbili na nusu, mdogo alitapika mpaka Tennessee. Tarehe 15 Mei jaji akakubali. Siku nilipopata habari niliimba. Nilidhani nimesaidiwa.

Nilikuwa siku ya 123 na saa ilikuwa imeshasimama.

Tulifikia Expo palepale, maana mwaka 2023 jiji lilikuwa limeifungua tena kwa wageni, kama watu mia tatu hivi. Vitanda vya kukunja vimepangwa mistari, juu yetu goli za kikapu zimeinuliwa, mtoto wa jirani analia kwa Kireno wangu anamjibu kwa Kiswahili. Ukutani kulikuwa na ule ubao wa matokeo, umezimwa. Nililala chini yake miezi mitatu na zaidi bila kujua ubao wangu nao umezimwa.

Kwa hesabu yangu ya kalenda siku ya 150 ilikuwa Jumapili tarehe 11 Juni. Jumatatu asubuhi nikavaa vizuri, nikaenda kwa watu wa kujitolea waliokuwa wanasaidia kujaza fomu. Akanipokea mama mmoja mzungu mzee mwenye miwani ya kamba. Hakuanza kujaza. Akachukua simu yake akapiga namba ya mahakama za uhamiaji, ile ya bure, 1-800-898-7180, akaweka spika, akaingiza namba yangu ya A, ile ya faili langu la uhamiaji, tarakimu moja moja akinionyesha kwa kidole kwenye karatasi ili nami nijifunze. Mashine ikaongea. Kiingereza changu kilikuwa kidogo lakini namba nilikuwa nazijua vizuri, nilikuwa nesi miaka tisa, namba za Kiingereza nilizisoma kwenye chupa za dawa. Mashine ikasema mia moja ishirini na tatu.

Nikamwambia hapana mama, mia hamsini, mia hamsini na moja leo. Akapiga tena. Mia moja ishirini na tatu. Akaweka simu chini, akavua ile miwani, akaniuliza taratibu, je, ulihama?

Akanieleza. Mahakama ya kwanza ikikubali kuhamisha kesi kwa ombi langu, siku zote kutoka hapo mpaka nisimame mbele ya jaji mpya ni siku nilizosababisha mimi, hazihesabiwi. Tutume I-765 leo? Itakataliwa, saa haijafika 150. Basi tusubiri tarehe mpya. Tarehe mpya ni lini? Kesi za watu wa Maine zinasikilizwa Massachusetts, na foleni ilikuwa ndefu kama foleni za mahakama zote za uhamiaji nchi hii. Yangu ikaja kwa posta baadaye, 18 Januari 2024. Kutoka Mei mpaka Januari. Nilikaa kwenye kile kiti nikakumbuka ile barua juu ya friji. Nilihama ili nisimharibie ndugu yangu mkataba wa nyumba, na kwenye karatasi za serikali hilo linaitwa ucheleweshaji uliosababishwa na mwombaji.

Hapa ndipo panaponiuma, na panaponiuma si kwa ajili yangu peke yangu. Wanaohama sana katika nchi hii ni nani kama si sisi tusioruhusiwa kufanya kazi? Mwenye mshahara anasaini mkataba wa mwaka anatulia. Mwomba asailamu analala kwenye sofa la mtu, na sofa la mtu lina siku zake, hata ndugu wa damu huchoka, hata asipochoka yeye mwenye nyumba atachoka. Huna kibali kwa hiyo huna kodi, huna kodi kwa hiyo unahama, ukihama na kesi saa inasimama, saa ikisimama kibali hakuna, na bila kibali utahama tena. Nimekaa na watu wazima, wababa, waliozungushwa humo miaka miwili. Mmoja alihama Texas kwenda Ohio, Ohio kwenda Maine, kila mahali anaomba kesi imfuate kwa sababu alidhani ndivyo raia mwema anavyofanya. Hakukosa siku hata moja ya mahakama. Saa yake ilikuwa siku ya 61.

Wakati wangu wa kusubiri ulikuwa hivi. Agosti Expo ilifungwa, tukapelekwa kwa mabasi hotelini, wengine Lewiston wengine Freeport, mimi Freeport. Kila asubuhi nilikuwa nawasindikiza watoto mpaka basi la shule, na njiani kuna nyumba ya kutunzia wazee, mlangoni bango kubwa kwamba wanaajiri, mafunzo bure, anza mara moja. Maine ndilo jimbo lenye watu wenye umri mkubwa kuliko majimbo yote ya Marekani, vijana wachache, wazee wanahitaji kugeuzwa kitandani, kuogeshwa, kulishwa, na mimi hizo kazi nazijua, nimegeuza wagonjwa tangu nina miaka ishirini na mbili. Siku moja niliingia. Mama wa ofisini alinipenda, nikamwonyesha kwa mikono nilivyokuwa nafunga vidonda, akaniuliza una kibali? Nikasema bado. Akashika mkono wangu, akasema rudi. Lile bango nilipita mbele yake mpaka theluji ikaliziba, likaondolewa theluji, nikaendelea kupita.

Wapo waliokuwa wanafanya kazi za kificho, kusafisha usiku, kulipwa nusu, wakati mwingine kutolipwa kabisa na huna pa kushtaki. Simhukumu mtu. Mimi niliogopa.

Jambo moja nilijifunza pale Freeport ambalo laiti ningelijua Houston. Kutoka Portland kwenda Freeport nilihama, adresi ikabadilika, nikajaza EOIR-33, fomu ya kuijulisha mahakama adresi mpya, ambayo unatakiwa kuipeleka ndani ya siku tano za kazi, na ndiyo hivyo, hakuna saa ya mtu inayosimama kwa kujaza EOIR-33. Kuhama wewe ni kitu kimoja, kuhamisha kesi ni kitu kingine. Huyu mama wa miwani alinichorea visanduku viwili kwenye karatasi, kimoja akaandika nyumba, kingine kesi, akachora mshale kutoka kwenye nyumba tu. Kumbe ningeweza kuhamia Maine, nikaijulisha mahakama ya Houston kwamba nakaa Maine, nikaiacha kesi palepale, nikasubiri 180 ifike Julai 11, nipate kadi, ndipo niombe ihamishwe. Siku 180 zikishatimia, kusimama kwa saa baada ya hapo hakukurudishi nyuma.

Lakini sikiliza vizuri kabla hujakimbilia hiyo njia, maana ina shimo. Ukiacha kesi mji wa zamani, mahakama yako ni ya mji wa zamani. Ukiitwa, unakwenda, uwe na nauli usiwe nayo, au mwombe jaji mapema akusikilize kwa video na usidhani amekubali mpaka uone ameandika amekubali. Usipotokea, jaji anaweza kuamuru ufukuzwe nchini hukohuko ukiwa haupo, na hapo hatuzungumzii tena kadi ya kazi. Nimeona mtu alituma ombi la kuhamisha kesi akadhani kutuma ndiyo kuhama, hakwenda siku yake, akahukumiwa. Kutuma ombi si kujibiwa. Kwa hiyo kama tarehe yako iko karibu na huna uwezo wa kurudi, au una kesi nzito na wakili mzuri yuko mji mpya, pengine kuhamisha kesi na kupoteza siku ndiyo busara. Mimi sikatai. Nakataa tu mtu apoteze bila kujua anapoteza.

Na kama bado hujaiwasilisha I-589, saa haijaanza, basi hakuna cha kusimamisha, na kama unajua kabisa utahama ni heri kesi ihame kwanza ndipo uombe, ila usivuke mwaka mmoja tangu uingie nchini, mwaka huo nao ni sheria. Wale ambao kesi zao hazipo mahakamani, zipo kwa USCIS, ile idara ya uhamiaji yenye maofisa wa asailamu, kwenu fomu ya kuhama ni AR-11, siku kumi, na kwenu pia kuomba kesi iende ofisi nyingine ya asailamu, hata kwa sababu ya adresi mpya, kumeandikwa kabisa kwenye maelezo yao kwamba kunaweza kuhesabiwa kama ucheleweshaji wako. Msidhani ni sisi wa mahakamani tu. Kitu kingine cha wote, barua na kadi za USCIS posta haizihamishii adresi mpya kama barua za kawaida, zinarudi zilikotoka, kwa hiyo kuhama bila kusema ni kosa kubwa kuliko kuhama.

Nirudi kwenye Januari. Tulikwenda Massachusetts na gari ya watu wa kanisa, tumetoka alfajiri, barabara nyeupe tupu. Mama wa miwani alikuwa ameniambia kitu nikakirudia njia nzima kama ubeti, jaji atakuuliza kama unataka muda wa kutafuta wakili, ukisema ndiyo, saa itaendelea kulala. Nikamuuliza mbona hilo ni swali la huruma. Akasema ndiyo, ni la huruma, na lina bei.

Mkalimani alikuwa kwenye simu, Kiswahili chake cha pwani, kizuri, cha taratibu. Jaji akasema kitu, mkalimani akasema, "Mheshimiwa jaji anauliza, je, ungependa upewe muda zaidi ili utafute wakili?" Sauti ilikuwa ya upole hata ungetamani kusema ndiyo kwa adabu tu, kama unavyokubali chai nyumba ya mtu. Niliangalia watu waliokaa nyuma yangu. Wanne kabla yangu walisema ndiyo, nina hakika hakuna hata mmoja aliyejua. Mimi wakili wa msaada nilikuwa nimeshampata Desemba, ila siku ile hakuweza kuja, nilikuwa na barua yake mkononi. Nikasema, "Hapana mheshimiwa, niko tayari kuendelea, naomba tarehe ya karibu iliyopo." Jaji akaandika. Sijui kama kuna sauti kalamu inapogusa karatasi kwenye chumba kikubwa vile lakini mimi niliisikia.

Jioni nikapiga namba mwenyewe. Mia moja ishirini na tatu. Kesho yake, mia moja ishirini na nne. Nilipiga kelele mpaka mwanangu akaja mbio akidhani nimeanguka.

Tarehe 14 Februari ikawa 150, fomu ikaenda siku hiyohiyo. 15 Machi ikawa 180. Aprili bahasha ikaja, ndani kadi, imeandikwa C08, alama ya waombaji asailamu, na namba ya sosho, ile ya hifadhi ya jamii, ikafuata. Wakati huo kadi mpya zilikuwa zinatolewa za miaka mitano na ombi la kwanza halikuwa na malipo. Nalisema hili ili msifuate hesabu zangu kwa upofu, kwa sababu mwaka 2025 mambo yaligeuka, ombi la kwanza la kibali liliwekewa ada ya dola 550, asailamu yenyewe dola 100 na nyingine 100 kila mwaka kesi ikiwa bado, na Desemba mwaka huohuo muda wa kadi ukashushwa kuwa miezi 18. Hata hizo siku 180 ziliwahi kuguswa, Agosti 2020 zilipandishwa kuwa siku 365 mpaka mahakama ilipoifuta kanuni hiyo Februari 2022. Wabunge wa hapa Maine wamejaribu kwenda upande mwingine, Chellie Pingree alileta mswada mwaka 2019 wa kupunguza kusubiri kuwa siku 30, seneta Susan Collins naye akaleta wa kwake baadaye, na si wa chama kimoja hawa wawili. Haikupita. Wangeuliza ile nyumba ya wazee pale Freeport ingewapa sababu zote.

Nilirudi pale kwenye bango. Yule mama wa ofisini alikuwepo. Alinikumbuka kwa jina.

Sasa binti wa Iowa. Usiku ule sikumwacha akate simu. Nikamwambia chukua karatasi zako, soma namba ya A, piga hiyo namba, nakusubiri hapahapa kwenye laini nyingine. Akapiga. Nilisikia ile mashine kwa mbali, ileile sauti, haijabadilika. "Dada, inasema mia moja thelathini na tisa." Siku 41 tu zimebaki. Na tarehe ya mahakama anayo wiki tatu zijazo, Massachusetts, nauli ya kutoka Iowa kurudi hana, kwa hiyo hiyo njia ya kuhama na kuiacha kesi kwake haikuwepo. Rafiki yake alikuwa ameshamwambia ukifika tutaihamishia mahakama ya huku, Omaha, ni karatasi tu. Maneno yaleyale niliyoambiwa mimi.

Alilia, kwa sababu chumba alichokuwa anakaa alishakiaga, mwenye nacho ameshampa mtu mwingine. Nikamwambia uje kwangu. Kwangu ni vyumba viwili na sisi ni watatu, mkataba nimeusoma mwenyewe safari hii, mgeni anaruhusiwa. Akaja Jumamosi, siku ileile aliyotakiwa kupanda basi la Iowa, na lile begi lile.

Mahakamani alikwenda. Swali la wakili aliulizwa, alijibu vile tulivyopanga baada ya kuongea na wakili wa msaada, na saa haikusimama. I-765 ilishaondoka siku ya 150, tulikwenda posta pamoja. Asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini huwa anapiga namba huku anakunja godoro, anaweka spika ili na watoto wasikie, wanapenda kuitikia pamoja na mashine. Leo wameitikia mia moja sitini na nane.